Jarida la nadharia ya muziki lililozaliwa ndani ya kompyuta: nani analisoma, na muziki wa nani unaandikwa?

Mwezi wa pili mwaka 1993, walimu wa muziki katika vyuo vikuu vya Marekani walipokea barua kwenye kompyuta zao. Ndani yake mlikuwa na orodha ya makala, basi. Hakukuwa na karatasi, jalada wala picha. Aliyetaka kusoma makala alituma amri kwa kompyuta nyingine, nayo ikamrudishia maandishi matupu. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Music Theory Online, jarida la chama cha Society for Music Theory. Ni moja kati ya majarida ya kwanza ya kisomi duniani kutolewa kwa njia ya mtandao tu, bila toleo la karatasi.

Mwaka huo huo nchini Zaire, familia za Masisi zilikuwa zinakimbia mapigano yaliyoanza mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi serikali ilibadilisha pesa, na watu wakajikuta na noti zisizokuwa na thamani mkononi. Intaneti ilikuwa bado haijafika Kivu. Kwa hiyo historia ya jarida hili ilianza mbali sana na huku. Lakini leo mtu mwenye simu na mega chache, awe Goma, Kalemie au kambini, anaweza kufungua toleo lile la kwanza na kulisoma bila kulipa hata franka moja kwa wenye jarida. Ni majarida machache ya wasomi yanayoruhusu hivyo.

Kwanza, nadharia ya muziki ni kitu gani? Msimamizi wa korali anayeandika do, re, mi ubaoni na kuwaonyesha waimbaji kwa nini sauti ya tatu inapanda wakati ya kwanza inashuka, huyo tayari anafanya nadharia ya muziki. Ni elimu ya kueleza namna wimbo ulivyojengwa: sauti zinavyopangwa, mapigo yanavyogawanywa, wimbo unavyoanza na unavyofika mwisho. Watunzi wa nyimbo wanayo hata kama hawakuisoma shuleni. Tofauti ni kwamba wasomi wanaiandika, wanabishana juu yake, na wanapandishwa cheo kwa ajili yake.

Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1977. Mwaka 1979 kilianza kutoa jarida la karatasi, Music Theory Spectrum. Jarida hilo lilikuwa na heshima yake, lakini lilikuwa na mwendo wa kobe. Makala inapelekwa, inasomwa na wakaguzi, inarudishwa, inatengenezwa, inapangwa, inachapwa, halafu inasafiri kwa posta. Mwenye jibu naye anaanza safari ile ile upya. Mabishano ya wiki moja yalichukua miaka.

Lee Rothfarb, mwalimu wa nadharia ya muziki, ndiye aliyeongoza kazi ya kuanzisha jarida la mtandao na kuwa mhariri wake wa kwanza. Kwa karibu miaka miwili lilikuwa katika majaribio, na matoleo ya wakati huo yaliitwa ya juzuu sifuri. Juzuu la kwanza lilianza mwezi wa kwanza mwaka 1995. Matoleo yalitoka karibu kila miezi miwili. Baadaye yalipunguzwa yakawa manne kwa mwaka, na kila moja likanenepa.

Kompyuta za wakati ule zilikuwa na shida kubwa kwa watu wa muziki: hazikuweza kutuma nota pamoja na maandishi. Herufi ndiyo, nota hapana. Mwandishi alipotaka kuonyesha mfano wa wimbo, mfano huo uliwekwa kama picha peke yake, na msomaji aliutafuta kando, akaufungua, akarudi kwenye maandishi. Mtu alihitaji uvumilivu. Kulikuwa na shida nyingine ndogo ambayo dawa yake imebaki hadi leo. Msomi akitaka kutaja maneno ya mwenzake hutaja namba ya ukurasa. Jarida hili halikuwa na kurasa. Basi waliamua kuzipa namba aya: ya 1, ya 2, ya 3 hadi mwisho. Ukifungua makala ya juzi utazikuta namba hizo zimesimama pembeni, ingawa kompyuta za leo zinaweza kufanya kila kitu.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, sehemu iliyokuwa na moto ilikuwa ile ya majibu. Makala ikitoka katika toleo moja, toleo la pili lilikuja na mtu anayeikosoa, na wakati mwingine mwandishi alijibu palepale. Ilifanana kidogo na kipindi cha redio ambacho simu zinapigwa moja kwa moja. Kadiri jarida lilivyozidi kuheshimika, majibu hayo yalipungua na makala ndefu zilizopita kwa wakaguzi zikachukua nafasi. Pengine hiyo ndiyo bei ya heshima, lakini ni bei ya kusikitisha, maana watu wengi hujifunza zaidi wakisikia wawili wanabishana kuliko wakisikia mmoja anahubiri.

Na heshima hiyo haikuja bure. Miaka ya 1990, kamati nyingi za vyuo vikuu hazikuamini kazi iliyotoka kwenye kompyuta. Jambo lisilowekwa rafuni kwenye maktaba lilionekana kama halipo. Mwalimu kijana aliyeandika huko alijiuliza kama kazi yake itahesabiwa siku ya kupandishwa cheo. Jarida lilijibu kwa kushika utaratibu ule ule wa karatasi: kila makala inasomwa na wakaguzi wasiojua jina la mwandishi. Taratibu wasiwasi ulipungua.

Kisha kurasa za wavuti zilifika, na nota zikaingia ndani ya maandishi. Zikafuata sauti, halafu video. Hapo ndipo mtandao ulipoishinda karatasi kabisa. Mwandishi anaposema “sikiliza ngoma inavyoingia hapa”, msomaji anabonyeza na anasikia.

Mada nazo zilibadilika. Kwa muda mrefu elimu hii ilizunguka watunzi wa Ulaya waliokufa zamani, hasa wa Ujerumani na Austria. Lakini mwaka 2008 na 2009 jarida hili lilichapisha makala mbili za Kyle Adams juu ya rap: maneno yanavyokaa juu ya mdundo, na namna mwimbaji anavyogawa silabi zake kwenye mapigo. Mwaka 2011 kulikuwa na toleo zima juu ya muziki wa rock. Jambo ambalo vijana wa mtaani wanalifanya kwa sikio lilianza kupewa hesabu na michoro.

Kwa msomaji wa Afrika, tarehe kubwa zaidi ni mwezi wa kwanza mwaka 2000. Toleo la kwanza la juzuu la 6 lilikuwa na makala ya Willie Anku, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Ghana, juu ya mpangilio wa mapigo katika muziki wa Afrika. Anku alisema mapigo ya ngoma yasichorwe kama mstari unaotoka kushoto kwenda kulia, namna nota za Ulaya zinavyofanya. Yachorwe kama duara. Kengele inapiga mzunguko wake na kurudi pale ilipoanzia, bila kuchoka. Mfano unaojulikana sana Afrika Magharibi ni kengele yenye mapigo 7 ndani ya nafasi 12. Kila ngoma inayoingia inachagua mahali pake kwenye duara hilo, na mpigaji anajua yuko wapi kwa kusikiliza kengele, bila kuhesabu moja, mbili, tatu, nne.

Mtu aliyekaa karibu na ngoma za arusi au za kilio hatashangaa. Atasema ndivyo ilivyo. Lakini kabla ya hapo, wageni wengi walikuwa wameandika kwamba mapigo ya Afrika ni mchanganyiko wa vipimo vinavyogongana, kana kwamba kila mpigaji ana saa yake. Anku alionyesha kwamba saa ni moja. Alionyesha hivyo akiwa mwalimu Afrika, katika jarida ambalo mwanafunzi wake angeweza kulisoma siku ile ile na profesa wa Marekani, mradi apate kompyuta na mtandao. Kwa karatasi, jambo hilo lingekuwa gumu sana.

Kongo ina kisa chake katika historia hii, na ni cha zamani kuliko intaneti. Mwaka 1952, Hugh Tracey, aliyezunguka na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, kijana mpiga gita aliyeitwa Jean Bosco Mwenda. Kijana huyo alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini aliyesikia alidhani wako wawili. Aliimba kwa Kiswahili. Wimbo wake “Masanga” ulisafiri kwenye sahani za santuri hadi nchi za mbali.

Tracey alianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini hifadhi ya muziki iitwayo International Library of African Music, na mwaka huo jarida la African Music lilianza kutoka. Ndani ya jarida hilo, mwaka 1961 na 1962, David Rycroft wa London alichapisha makala ya sehemu mbili juu ya gita la Mwenda. Aliandika nota baada ya nota, akaonyesha gumba linafanya nini na shahada inafanya nini, na namna mpigaji alivyobadilisha wimbo ule ule kila alipourudia. Kwa lugha ya leo hiyo ni nadharia ya muziki kamili, na mada yake ilikuwa mtu wa Katanga anayeimba Kiswahili.

Lakini nani aliisoma? Miaka ile Katanga ilikuwa katika vita vya kujitenga. Jarida lilisafiri kwa posta kwenda kwa wanachama na maktaba za vyuo. Wapiga gita wa Likasi na Élisabethville hawakuwa kwenye orodha hiyo. Mwenda alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, miaka mitatu kabla ya barua ile ya kwanza ya kompyuta. Sasa matoleo ya zamani ya African Music yamewekwa kwenye intaneti, na kijana wa Likasi anaweza kusoma kwenye simu kile ambacho baba yake hakukiona. Imechukua karibu nusu karne.

Suala la muziki wa nani unaandikwa lilirudi kwa kishindo mwaka 2019. Mwezi wa kumi na moja, kwenye mkutano wa mwaka wa chama, Philip Ewell, profesa mweusi wa Hunter College mjini New York, alisimama mbele ya wenzake akasema elimu yao imejengwa kwa jicho la mzungu tu. Makala yake ilitoka kwenye Music Theory Online mwezi wa tisa mwaka 2020. Alikuwa amehesabu. Katika vitabu 7 vinavyotumika sana kufundisha nadharia ya muziki huko Marekani, alikuta mifano ya muziki 2 930. Iliyotungwa na watu wasio wazungu ilikuwa 49, chini ya 2 kwa mia.

Mabishano yalikuwa makali. Jarida jingine la karatasi lilitoa toleo la kumjibu, na magazeti makubwa ya Marekani yakaingilia kati. Ni nadra sana makala ya nadharia ya muziki kusomwa na watu wasiojua nota. Hii ilisomwa. Sababu moja ni mada yenyewe. Sababu nyingine ni ya kawaida kabisa: mlango ulikuwa wazi. Anayesikia ugomvi redioni anaweza kwenda kusoma makala yenyewe, badala ya kutegemea maneno ya anayeipinga.

Hata hivyo mlango kuwa wazi si sawa na kufika. Karibu makala zote ni za Kiingereza, na mashariki mwa Kongo shule hufundisha kwa Kifaransa. Maneno yenyewe ni magumu hata kwa Mwingereza. Tena kuna mambo ya mega. Kwa bahati nzuri ya ajabu, matoleo ya zamani ndiyo rahisi kwa simu ndogo: ni maandishi tu, yanafunguka hata pale mtandao unaposuasua. Matoleo mapya yenye video yanameza mega kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

Familia iliyohama haikubeba kaseti wala vitabu vya nyimbo. Nyimbo nyingi zimebaki vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua. Yale ambayo mtu aliyaandika au kuyarekodi, hata kama ni mgeni, hata kama alikosea hapa na pale, yanaweza kutafutwa tena. Anayetaka kuanza na gita la Mwenda atafute African Music, juzuu la 2, namba ya 4, ya mwaka 1961. Sehemu ya pili iko katika juzuu la 3, namba ya 1, ya mwaka 1962. Makala ya Anku iko pale pale ilipowekwa mwaka 2000, michoro yake ya duara ikiwemo.