Ukinzani, mkondo na mwangaza wa balbu

Mwangaza wa balbu ya umeme hutegemea nguvu ya umeme, yaani kiasi cha nishati ambacho balbu hutumia kila sekunde. Nguvu hiyo hupimwa kwa wati. Katika balbu ya uzi, hutokana na mkondo unaopita kwenye uzi pamoja na ukinzani wa uzi wenyewe.

Jinsi uzi unavyong'aa

Uzi wa balbu hutengenezwa kwa metali ya wolframi, inayoitwa pia tungsteni, ambayo huyeyuka kwenye sentigredi 3,422 hivi. Mkondo unapopita, elektroni hugongana na atomu za metali na kuzitikisa. Uzi hupata joto la takriban sentigredi 2,500 na kung'aa. Ndani ya balbu hakuna oksijeni, hivyo uzi hauungui upesi. Sehemu ndogo tu ya nishati, isiyozidi asilimia 10, huwa nuru. Nyingine yote hutoka kama joto.

Kanuni

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alitangaza uhusiano kati ya volteji (V), mkondo (I) na ukinzani (R): V = I × R. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alionyesha kwamba joto linalotoka kwenye waya hutegemea ukinzani na kipeo cha pili cha mkondo. Kwa hiyo nguvu (P) hupatikana kwa njia mbili:

P = I² × R
P = V² ÷ R

Kanuni hizi huonekana kupingana: ya kwanza huongeza nguvu ukinzani unapoongezeka, ya pili huipunguza. Jibu limo katika namna balbu zilivyounganishwa.

Sambamba na mfululizo

Nyumbani balbu huunganishwa sambamba, na kila moja hupata volteji ileile. Kwa volti 230, balbu ya wati 100 ina ukinzani wa omu 529 na hupitisha ampea 0.43. Balbu ya wati 40 ina omu 1,322 na hupitisha ampea 0.17 tu. Hapa yenye ukinzani mdogo hung'aa zaidi.

Balbu hizohizo zikiunganishwa kwa mfululizo, mkondo uleule hupita katika zote mbili. Yenye ukinzani mkubwa huchukua sehemu kubwa ya volteji, hivyo balbu ya wati 40 hung'aa kuliko ya wati 100, ingawa zote hufifia.

Mabadiliko ya joto na volteji

Ukinzani wa uzi si wa kudumu. Uzi baridi huwa na ukinzani mdogo mara 10 hivi au zaidi kuliko uzi unaowaka. Kwa sababu hiyo mkondo huwa mkubwa sana kwa muda mfupi taa inapowashwa, na uzi uliochakaa mara nyingi hukatika wakati huo.

Volteji ikishuka kwa asilimia 10, mwangaza hupungua kwa takriban asilimia 30, kwa kuwa uzi uliopoa hutoa nuru kidogo zaidi kwa kila wati.

Balbu za LED

Balbu za LED hazitumii uzi wa moto. Mwangaza wake hufuata mkondo unaodhibitiwa na sakiti ya ndani, nazo hutoa nuru nyingi kwa wati chache. Kwa hiyo, ili kulinganisha balbu za aina tofauti, hutazamwa lumeni, si wati.