Ardhi Isiyodaiwa na Taifa la Kujitangazia

Nchi saba zimejitengea vipande vya bara la Antaktika: Argentina, Australia, Chile, New Zealand, Norwei, Ufaransa na Uingereza. Kipande cha Chile kinakoma kwenye longitudo ya nyuzi 90 magharibi, na cha New Zealand kinaanzia nyuzi 150. Katikati pamebaki pande la bara ambalo hakuna dola iliyowahi kulidai rasmi. Sehemu yake kubwa inaitwa Marie Byrd Land, jina ambalo mvumbuzi wa Kimarekani Richard Byrd aliipa mwaka 1929 kwa heshima ya mkewe. Ina kilomita za mraba zipatazo 1,610,000. Tanzania na Kenya zikiunganishwa hazifikii ukubwa huo.

Mwaka 2001 Mmarekani mmoja, Travis McHenry, aliitangaza Marie Byrd Land kuwa nchi yake. Leo nchi hiyo inajiita Westarctica, nayo ina bendera, vyeo na raia wanaojiandikisha wakiwa makwao. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuieleza habari hii hukwama kwenye istilahi mbili. Ya kwanza ni ya Kilatini, terra nullius. Ya pili ni ile inayotumika kuzitaja nchi za namna hii.

Terra nullius aghalabu hufasiriwa “ardhi isiyo na mwenyewe”. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa maneno, lakini sheria inakusudia jambo jingine. Kwetu shamba lina mwenyewe, nyumba ina mwenyewe; tukisema hivyo tunazungumzia umiliki. Wanasheria wa kimataifa wao wanazungumzia mamlaka ya dola: ardhi ambayo haimo chini ya dola yoyote, kwa hiyo dola inaweza kuitwaa kwa kuikalia na kuitawala. Mambo hayo mawili yakichanganywa, watu huumia. Mwaka 1895 amri ya Kaizari wa Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali ya kikoloni. Machunga, misitu na mashamba yaliyopumzishwa yaliweza kuhesabiwa kuwa hayana mwenyewe, ilhali kila ukoo ulijua mipaka yake. Kwa sababu hiyo “ardhi tupu”, tafsiri inayowajia wengi upesi, naiona mbaya zaidi. Mwaka 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Sahara Magharibi haikuwa terra nullius Wahispania walipoifanya koloni, maana ilikaliwa na makabila yenye mpangilio wake wa kijamii na kisiasa chini ya viongozi wenye uwezo wa kuyawakilisha.

Napendekeza “ardhi isiyodaiwa na dola”. Ni ndefu, lakini inamtaja anayehusika, yaani dola, na kitendo chenyewe, kudai. Tena haisemi lolote kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwa watu.

Hata hivyo, isiyodaiwa haina maana ya inayochukulika. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini Washington na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959, ukaanza kutumika mwaka 1961, nao unahusu eneo lote lililo kusini ya latitudo ya nyuzi 60. Ibara yake ya 4 haikuyafuta madai ya zamani wala haikuyathibitisha. Iliyaacha palepale yalipo, na ikakataza madai mapya kwa muda wote mkataba unapodumu. Watu wa Westarctica hujibu kwamba mkataba huzibana dola zilizousaini, haumbani mtu binafsi. Ni kweli kwamba mtu binafsi si mshirika wa mkataba. Lakini kinga hiyo haimfikishi mbali, kwa kuwa katika sheria ya mataifa anayepata mamlaka juu ya ardhi ni dola, na mtu peke yake si dola.

Hapo ndipo istilahi ya pili inapoingia. Wengine huziita nchi hizi “mataifa madogo” au “vijinchi”. Lakini udogo sio unaozitofautisha: Tuvalu ina kilomita za mraba 26 tu, nayo ni mwanachama wa Umoja wa Mataifa, ilhali Westarctica inadai eneo kubwa kuliko nchi nyingi za Afrika. “Taifa bandia” nalo linawahukumu watu kuwa matapeli kabla ya kuwasikiliza. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unaitaka dola iwe na wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Huko Marie Byrd Land hakuna mkazi wa kudumu hata mmoja. Kilichopo ni tangazo tu. Basi “taifa la kujitangazia” linatosha. Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba anayetangaza na anayetangaziwa ni mmoja, na kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendea kwa sababu tangazo ni la kujifaidi mwenyewe.

Istilahi hii inayabeba hata mataifa yenye nia tofauti. Mwaka 2008 Mbelgiji Niels Vermeersch alianzisha Flandrensis, inayodai visiwa vitano karibu na pwani ya Antaktika Magharibi, kikiwemo Siple. Wafuasi wake hawataki kuhamia huko. Wanataka visiwa hivyo visikanyagwe na binadamu yeyote, kwa ajili ya kuyalinda mazingira, na Westarctica nayo siku hizi inajishughulisha na mabadiliko ya tabianchi. Kwa habari kama hiyo gazeti linaweza kuandika kwa usahihi: “Flandrensis, taifa la kujitangazia, linadai visiwa vitano katika eneo la Antaktika lisilodaiwa na dola yoyote.”