Orodha ya P4P: nani kasema huyu ni mkali kuliko yule?

Wadau, kila likipita pambano kubwa la ngumi za kulipwa, ubishi kijiweni ni ule ule: nani namba moja wa paundi kwa paundi duniani? Mmoja anasema Usyk, mwingine anasema Inoue, na kila mtu ana orodha yake ya kumfunga mwenzake mdomo. Mimi naona tunagombana bila kujua hicho kitu kinapangwaje. Haya, twende taratibu.

P4P NI NINI?

Ngumi za kulipwa zina madaraja 17 ya uzito yanayotambuliwa na mashirika yote manne makubwa, yaani WBA, WBC, IBF na WBO. Daraja la chini kabisa mwisho wake ni paundi 105 (kilo 47.6). Uzito wa juu unaanzia pale zinapopita paundi 200 (kilo 90.7). Huwezi kuwapanga hao wawili ulingoni, mtu atakufa. Ndiyo watu wakaanza kujiuliza: wangekuwa na uzito sawa, nani angempiga mwenzake? Hilo swali ndilo P4P.

Msemo huu ulishika sana enzi za Sugar Ray Robinson wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa welter tangu 1946 na akabeba mkanda wa middle mwaka 1951. Watu walitaka njia ya kusema huyu ndiye bondia bora kuliko wote, japo bingwa wa uzito wa juu alikuwa mtu mwingine.

NANI ANAPANGA?

Hapa ndipo wengi tunapopotea. P4P haigombewi ulingoni kama mkanda. Jarida la The Ring, lililoanza 1922, lina jopo lake. ESPN nao wana jopo lao. BoxRec wanatumia kompyuta inayokokotoa pointi. Kwa hiyo orodha moja inaweza kumweka mtu wa kwanza na nyingine ikamweka wa tatu, na wote wako sawa, kwa sababu hayo ni maoni.

HAKI IKO WAPI?

Kwanza, mnakumbuka Julai 2023? Tarehe 25, Naoya Inoue alimsimamisha Stephen Fulton raundi ya 8 pale Tokyo. Siku nne baadaye Terence Crawford akamsimamisha Errol Spence raundi ya 9 huko Las Vegas. Wote hawajawahi kupoteza, wote walicheza kama wachawi. The Ring wakamweka Crawford wa kwanza, Inoue wa pili. Mmoja alipigana kwenye paundi 122, mwingine 147. Hawakuwahi kugusana hata kwa glovu, lakini mmoja akawa chini ya mwenzake.

Pili, kuna suala la kupanda uzito. Septemba 2025 Crawford alipanda mpaka super middle akampiga Canelo Alvarez kwa pointi. Huo ni ushahidi wa ulingoni, siupingi. Ila bondia aliyezaliwa na mwili wa uzito wa juu apande aende wapi? Juu yake hakuna daraja. Oleksandr Usyk alipata bahati ya kuanzia cruiser, akakusanya mikanda yote huko 2018, kisha akafanya hivyo tena uzito wa juu mwaka 2024 kwa kumpiga Tyson Fury. Mzito asiye na njia hiyo anahukumiwa kwa kipimo ambacho hawezi kukifikia.

Tatu, nani anamiliki kalamu? Mwaka 2007 The Ring lilinunuliwa na Golden Boy, kampuni ya promota Oscar De La Hoya. Mwaka 2024 likanunuliwa na Turki Alalshikh wa Saudi Arabia, mtu huyo huyo anayeandaa mapambano makubwa ya Riyadh. Sisemi wanapika orodha. Nasema mwenye timu akiwa ndiye mwenye filimbi, hata akipuliza kwa haki watu watanung'unika.

KOMPYUTA JE?

Watanzania tunalo la kujifunza. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alimpiga Sam Eggington raundi ya 2 pale Birmingham, na BoxRec wakamrusha mpaka ndani ya 20 bora duniani kwenye uzito wake. Hiyo si P4P, ila inaonyesha kitu. Kompyuta haikuuliza promota wake nani wala anaonekana TV gani. Iliangalia kampiga nani, basi. Ubaya wake ni kwamba ushindi mmoja unaweza kukurusha mbali mno, na kipigo kimoja kikakushusha.

Na hili si suala la ubishi tu. Jina likiwa juu, simu za mapromota zinaita na pesa inaongezeka. Bondia anayepigana kumbi ndogo za kwetu hapati wapinzani wakubwa kwa sababu hayumo kwenye orodha, na hayumo kwenye orodha kwa sababu hapati wapinzani wakubwa. Atokeje hapo?

Kwa hiyo mtu akikutolea orodha, muulize: huyu kampiga nani? Lini? Kwenye uzito gani? Na aliyeipanga anakula wapi? Akishindwa kujibu, hiyo ni ushabiki tu.

Nawasilisha. Namba moja wako ni nani, na kampiga nani?