Sulhu ya Hudaibiya

Katika mwezi wa Dhulkaada wa mwaka wa 6 wa Hijra, yaani mwaka 628 kwa hesabu ya Masihi, Mtume Muhammad alitoka Madina na watu wapatao 1,400 kwenda kuzuru Al-Kaaba. Walivaa ihramu, wakaswaga ngamia wa kuchinja, na panga zao zilikuwa alani. Makuraishi hawakusadiki kuwa msafara mkubwa hivyo ulikwenda kwa ibada tu. Wakampeleka Khalid bin Walid na wapanda farasi kuuzuia. Wasafiri wakashika njia nyingine, wakatua Hudaibiya, ukingoni mwa ardhi takatifu ya Makka.

Wajumbe walikwenda na kurudi. Uthman bin Affan alipokawia mjini hata ikavuma kuwa ameuawa, masahaba walifunga ahadi chini ya mti. Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini ahadi ile haikuwa ya mzaha. Ndipo alipokuja Suhail bin Amr kuandikisha mkataba.

Suhail alikuwa hodari wa maneno na mgumu wa kupatana. Alikataa maneno “Mtume wa Mungu” yasiandikwe, kwa hoja isiyokosa mantiki, kuwa kama angaliyakiri asingalimzuia mwenye cheo hicho kufika Al-Kaaba. Ali bin Abi Talib, mwandishi, hakukubali kuyafuta. Mtume akayafuta mwenyewe, pakaandikwa Muhammad bin Abdullah. Vita visimame miaka 10; Waislamu warudi, waje mwaka wa pili kwa siku 3; na Mkuraishi atakayekimbilia Madina bila ya idhini ya walii wake arudishwe, bali Mwislamu atakayekwenda Makka asirudishwe.

Sharti hili la mwisho lilijaribiwa papo hapo. Abu Jandal, mwana wa Suhail mwenyewe, alifika akiburura minyororo aliyofungwa kwa kusilimu. Akarudishwa huku akilia kuomba msaada. Umar bin Khattab alimwendea Abubakar kuuliza kwa nini dini yao itiwe unyonge. Amri ya kuchinja na kunyoa ilipotolewa, hakuna aliyeinuka. Ummu Salama, mkewe Mtume, ndiye aliyetoa shauri: atoke asiseme na mtu, achinje na kunyolewa mbele yao. Wote wakafuata. Shauri hili husimuliwa upesi mno, ingawa ndilo lililookoa utii wa siku ile.

Baadaye Abu Basir, mkimbizi mwingine, alirudishwa kwa mkataba uo huo. Njiani alimwua mmoja wa walinzi wake, akaenda kukaa Al-Is, karibu na pwani, ipitapo misafara ya Makka iendayo Sham. Abu Jandal na wenziwe wakamfuata. Hawakuwa Madina, basi Madina haikuwa na wa kumrudisha. Na kila msafara uliopita ulikuwa mawindo yao. Haukupita muda mrefu, Makuraishi wenyewe wakatuma watu kumwomba Mtume awapokee wakimbizi wale, na sharti walilolipigania Hudaibiya likaachwa.