Kutoka Batian hadi Longonot: Historia Fupi ya Klabu ya Milima ya Kenya

Kamati imeniomba historia fupi ya klabu yetu, na imenipa hadi Ijumaa. Msomaji ataona kwamba nimekaa sana kwenye miaka ya mwanzo na kupita mbio katika ile ya karibuni. Ya karibuni wengi wenu mliyaona kwa macho. Ya kale yamebaki vichwani mwa wazee wachache na katika vitabu ambavyo havipatikani tena madukani.

Mountain Club of Kenya, ambayo sote tunaiita MCK, ilianzishwa mwaka 1949. Mwaka huohuo Mlima Kenya ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, kwa hiyo sisi na hifadhi ni marika. Mizizi yetu lakini ni ya zamani zaidi. Tarehe 13 Septemba 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian, mita 5,199, akiwa na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Ni yeye aliyevipa vilele majina ya ukoo wa malaiboni wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Kisha ikapita miaka thelathini bila mtu mwingine kufika pale juu.

Januari 1929 ukimya huo ulivunjwa na vijana wawili: Eric Shipton, aliyekuja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa, na Percy Wyn-Harris, ofisa tawala wa serikali ya kikoloni. Walipanda Nelion, mita 5,188, ambayo haikuwa imewahi kupandwa, wakavuka hadi Batian. Mwaka uliofuata Shipton akarudi na mkulima wa Sotik aitwaye Bill Tilman, wakapanda kwa ukingo wa magharibi, njia ambayo hadi leo huwatoa jasho watu wenye vifaa bora mara kumi kuliko vyao. Dunia huwakumbuka Shipton na Tilman kwa safari zao za Himalaya. Sisi tunakumbuka kwamba walianza kupanda pamoja huku kwetu Afrika Mashariki, na hatutachoka kuwaambia wageni.

Wakati huo wapanda milima wa Kenya na Tanganyika walikuwa chini ya chama kimoja, Mountain Club of East Africa, kilichotoa jarida lake, Ice-Cap, mwaka 1932. Kugawanyika kwetu kulikuwa kwa amani. Wenzetu wa Moshi wakabaki na Kilimanjaro, sisi tukabaki na Mlima Kenya, na ubishi wa mlima upi ni mgumu zaidi haujaisha. Kilimanjaro ni mrefu, hilo tunakubali. Lakini kilele chake cha Uhuru unakifikia kwa miguu, ilhali Batian inadai mikono pia.

Siwezi kuiacha hadithi ya mwaka 1943, ingawa wahusika wake hawakuwa wanachama wa chochote zaidi ya kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki. Felice Benuzzi na Waitaliano wenzake wawili waliuona mlima kupitia waya wa kambi, wakatengeneza vifaa vyao kwa siri, wakatoroka. Picha iliyowasaidia kuujua mlima ilikuwa ile ya lebo ya kopo la nyama. Wawili kati yao walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao kupokea adhabu. Kila nikimwongoza mtu anayelalamika kwamba viatu vipya vinambana, humsimulia habari hii.

Sasa nifike kwa Arthur Firmin. Mkiniuliza baba wa klabu hii ni nani, nitalitaja jina lake bila kusita, na wanaodhani ninawapunja waanzilishi wengine huenda wana haki yao. Firmin alikuwa mpiga picha wa Nairobi. Mwaka 1944 yeye na mwenzake Hicks walipanda uso wa kaskazini wa Batian, na njia hiyo ndiyo inayotumiwa na wapandaji wengi wa Batian hadi sasa, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, jua linapoelekea kaskazini na miamba ya upande huo kukauka. Miaka miwili baadaye alirudi na kupanda kwa ukingo wa kusini-magharibi. Alikuwa mmoja wa walioiasisi klabu, na aliamini kwamba watu wa nchi yenye mlima kama huu hawapaswi kungoja wataalamu kutoka Ulaya waje kuwaonyesha njia. Mwaka 1955 aliongoza msafara wa Kenya hadi Himalaya, kwenye mlima Himalchuli. Huko alianguka na kuumia vibaya, akafariki kabla ya kufikishwa nyumbani. Klabu ilikuwa na umri wa miaka sita tu. Ingeweza kuvunjika. Haikuvunjika.

Vibanda vya mlimani ni kazi ya kizazi hicho: Two Tarn, Kami, Top Hut na vingine. Baadhi havipo tena, vimeondolewa au vimechakaa. Mtu aliyelala Kami usiku wa upepo, karibu mita 4,440 juu ya bahari, anajua thamani ya bati na mbao nne. Bati hilo na mbao hizo zilifika huko migongoni mwa watu. Wapagazi wa Naro Moru na Chogoria, Wakikuyu na Wameru, walipita kwenye mianzi na kwenye lile tope la mteremko wa Teleki ambalo kila mpandaji hulilaani, wakiwa na mizigo ambayo mimi nisingeibeba hata kwenye lami. Majina yao hayakuandikwa kwenye daftari za vibanda, ya wapandaji yaliandikwa. Shukrani hizi zimechelewa, zipokelewe hivyohivyo.

Miaka ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952, haikuwa rahisi kwa yeyote. Misitu ya Mlima Kenya na ya Aberdare ilifungwa, na ndani yake yalikuwa yakitendeka mambo makubwa kuliko michezo ya wapanda milima. Wapiganaji waliishi kwenye mianzi ileile tunayopita leo na chupa zetu za chai. Uanachama wa zama hizo nao ulifuata mipaka ya zama hizo. Niseme tu kwamba milango ilifunguka polepole, na ilipofunguka klabu ilipata afya.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa Nairobi, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya kwenye Mlima Kenya, akiwa na wapandaji wa klabu yetu. Kuna waliosikia habari hiyo mara elfu moja shuleni bila kujua kwamba kulikuwa na klabu nyuma yake, na kuna wanaklabu wa zamani waliopenda kuisimulia kana kwamba bendera ilijipandisha yenyewe. Heshima ni ya Munyao. Alifariki mwaka 2007, na picha yake yenye bendera ndiyo ningependa kila mwanachama mpya aonyeshwe kabla ya kulipa ada.

Kisha ukaja mwaka 1970, mwaka wa Ian Howell na mwaka wa uokoaji mkubwa.

Howell aliona kwamba wapandaji wanaokutwa na usiku juu ya Nelion hawana pa kujificha. Vipande vya kibanda vilidondoshwa kwa ndege kwenye barafu ya Lewis, naye akavipandisha mwenyewe hadi kileleni, peke yake, mara 13. Nelion ni ukuta wa mwamba, na mtu huupanda kwa kamba na kwa dua. Kibanda chenyewe kina ukubwa wa banda la kuku na bado kinaitwa kwa jina lake. Waliolala ndani wakisubiri radi ipite hawana malalamiko kuhusu nafasi.

Septemba ya mwaka huo madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walipata ajali karibu na kilele cha Batian. Jiwe lilichomoka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz aliteremka kutafuta msaada, kisha akapanda tena kukaa na mwenzake. Wanaklabu waliacha kazi zao Nairobi na kwenda, miongoni mwao Robert Chambers, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa maandishi yake kuhusu maendeleo ya vijijini, na Silvano Borruso, mwalimu wa Strathmore. Walibeba dawa, chakula na kamba kwenye mwamba wenye barafu. Rubani Mmarekani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka akijaribu kufikisha msaada. Mwishowe kikosi cha waokoaji kilisafirishwa kwa ndege kutoka Innsbruck, na Judmaier akateremshwa akiwa hai baada ya zaidi ya wiki moja pale juu. Palikuwa na maneno baadaye, kama ilivyo desturi, kuhusu nani alifanya nini na nani alichelewa. Mimi sitayafufua. Austrian Hut tunayolalia kabla ya Lenana ni shukrani ya Waaustria, na mlima ulipata kikosi cha uokoaji kilichopangwa vizuri. Mwaka 1973 Thumbi Mathenge na mlinzi mkuu wa hifadhi, Phil Snyder, waliupanda mfereji wa barafu wa Diamond. Leo sehemu kubwa ya barafu hiyo imeyeyuka.

Nimesema sana juu ya barafu na kamba, na msomaji aliyejiunga mwaka jana kwa ajili ya matembezi ya Jumapili ataona historia hii si yake. Ni yake. Kwa maoni yangu, kilichoiweka klabu hai ni matembezi ya siku moja. Wapandaji wa Batian hawajawahi kuwa wengi, na mtu hupanda Batian mara moja au mbili maishani. Ngong anaenda akiwa na miaka kumi na akiwa na sabini.

Matembezi hayo yana utaratibu uliozeeka na usiohitaji kuboreshwa. Tunakutana kukiwa bado na giza, tunagawana magari, kila abiria anachangia mafuta. Kiongozi anatangulia, na mtu mmoja anakaa nyuma ya wote, asiyeruhusiwa kumpita hata mchovu. Chakula ni chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, na daima kuna mtu mwenye nduma. Longonot ndiyo shule ya wanaoanza: unapanda kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, na mwenye pumzi anazunguka ukingo wote, zaidi ya kilomita saba, akipitia Kilele Ngamia, mita 2,776. Vumbi lake huingia hadi kwenye sandwichi. Ngong tunavuka vilima kimoja baada ya kingine kuelekea Kona Baridi, tukipita chini ya mitambo ya upepo, ambayo ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993. Kilimambogo ina nyati kweli, jina halidanganyi, na askari wa wanyamapori anayetangulia na bunduki si pambo.

Aberdare ni shule ya pili. Elephant Hill unaianza upande wa Njabini, unapita mianzi, kisha matope, kisha uwanda wa nyasi ngumu ambako ukungu hushuka dakika kumi baada ya mtu kusema hali ya hewa ni nzuri. Satima, mita 4,001, ndiyo kilele cha juu cha safu hiyo. Huko kanuni ni moja, na wageni huiona ya kikatili: saa nane mchana ikifika tunageuka, hata kama kilele kinaonekana. Vivyo hivyo kwa makorongo ya Hell's Gate, ambako mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012 na tena 2019. Mawingu yakiwa meusi upande wa juu, hatushuki korongoni, liwe limefunguliwa au la.

Jumanne jioni kwenye nyumba ya klabu, Uwanja wa Ndege wa Wilson, ndiko matembezi haya yalikopangwa kwa miaka mingi. Ndege ndogo ziliruka juu ya paa katikati ya kila hotuba. Ndoa kadhaa zilianzia pale. Sitazitaja.

Miaka iliyofuata naiorodhesha tu. 1981: kitabu cha mwongozo wa Mlima Kenya na Kilimanjaro chini ya uhariri wa Iain Allan. 1989: kitabu cha Paul Clarke kuhusu milima ya Kenya kwa watembeaji, ambacho nakala yangu imebaki bila jalada. 1997: Mlima Kenya kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. 1999: mapambano ya Profesa Wangari Maathai kuokoa Karura, msitu ambao sasa tunafanyia mazoezi ya katikati ya wiki. 2012 na 2019: moto mkubwa mlimani. 2020: korona, matembezi yakasimama. Barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na iliyobaki haitoshi kumfundishia mtu kutumia shoka la barafu. Baada ya korona vijana wa Nairobi wamefurika milimani kuliko wakati wowote, wengi wakiwa na vikundi vyao wenyewe, na hilo nalisema kwa furaha, si kwa wivu. Kulikuwa pia na miaka ambayo hesabu za fedha hazikuwa nzuri na wanachama walipungua. Tuliivuka kwa sababu ya watu wachache waliofanya kazi ya katibu na mhazini bila kupigiwa makofi.

Maombi yangu ni mawili. Mwenye picha, ramani au daftari ya kibanda ya zamani ailete kwenye mkutano ujao ili inakiliwe kabla mchwa hawajaisoma. Na wewe uliyezunguka kreta ya Longonot mwaka huu kwa mara ya kwanza, jiandikishe kuongoza mwakani. Wenye magoti mazuri wanazidi kupungua upande wetu wa wazee.