Kiti cha Mwami wa Bayeke: Historia Fupi kwa Kumbukumbu ya 20 Desemba

Malori yanayopanga foleni hapa Kasumbalesa kuelekea Zambia yamebeba shaba ileile iliyomvuta Kalasa, Mnyamwezi wa upande wa Tabora, kuja Katanga. Kalasa alichanjiana damu na machifu wa huku, na mwanawe Ngelengwa, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Msiri, akarithi udugu huo pamoja na njia za misafara. Wasimulizi wanaopenda moshi wa baruti hulipita jambo hili haraka. Garenganze, dola ya Bayeke iliyobeba jina la nyumbani kwao Unyamwezi, ilianza kwa viapo. Bunduki zilifuata. Bunkeya, mji wake mkuu, ikapeleka shaba, chumvi na pembe (na watu pia, tusifiche) hadi bahari zote mbili, na wake wa Mwami walitoka katika koo za machifu waliomtii. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alitoka hata kwa wafanyabiashara wa Angola. Ndoa zilikuwa mikataba. Arnot, mmisionari Mskoti aliyefika mwaka 1886, aliukuta mji ambao lugha nyingi zilimwamkia Mwami mmoja.

Basanga, moja ya jamii zilizokuwa chini ya Msiri, watasema muungano huo ulikuwa nira, na ndiyo maana waliasi mwaka 1891. Ushuru ulikuwa mzito, hilo halina ubishi. Lakini uasi wenyewe unathibitisha kwamba kiapo kilikuwapo, kwani asiyekula kiapo hamwasi mtu. Swali gumu ni kiapo kile kilimfunga mtu kwa nani. Waingereza waliumwa na swali hilohilo: mwaka 1603 mfalme wa Uskoti alirithi pia taji la Uingereza, mabunge yakabaki mawili hadi 1707, na katikati, mwaka 1649, Charles wa Kwanza alikatwa kichwa kwa kosa la uhaini, yeye ambaye sheria ya kale ilimfanya mtu wa kuhainiwa.

Msiri aliikataa bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na tarehe 20 Desemba 1891 Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa na Leopold, akampiga risasi na kumuua. Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, aliipokea bendera hiyo. Wapo wanaomwita msaliti. Hao hupima uaminifu kwa mtu, naye aliupima kwa kiti: Basanga wameasi, njaa imeingia, na ukoo ungeweza kufutika. Kuhusu Maria de Fonseca, aliyeuawa kwa tuhuma za kumuuza mumewe, wazee hawapendi kurefusha maneno.

Mukanda Bantu alifariki 1910. Wakafuata Kitanika, Musamfya hadi 1956, Antoine Munongo hadi 1976, kisha Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960. Miaka ile ilikuwa na mambo yake. Alifia Kinshasa tarehe 28 Mei 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa ukiendelea, na kiti kikarudi kwa watoto wa ukoo huohuo, Bunkeya.