Mwandamo, Si Mwendelezo

Kuna rasimu ya istilahi za michezo ya video inayozungushwa kwa wahariri, na ndani yake mchezo unaotungwa baada ya mwingine, kwa jina lile lile na katika ulimwengu ule ule, umeitwa "mwendelezo". Nalipinga neno hilo. Silipingi kwa sababu ni gumu kueleweka. Linaeleweka upesi mno, na hapo ndipo hatari yake ilipo, maana msomaji akishalisikia huamini kwamba ameambiwa hadithi imeachwa wapi na itaanzia wapi. Tayari limeingia katika tahakiki, na tahakiki zimeanza kwenda upogo.

Kisa kilichonichoma ni tahakiki moja ya Red Dead Redemption 2, ambayo mwandishi wake simtaji. Aliuita mchezo huo mwendelezo katika sentensi ya kwanza, kisha akatumia nusu ya makala kuulaumu kwamba hauendelezi. Angewezaje kuuona ukiendeleza? Red Dead Redemption, uliotoka mwaka 2010, unasimulia habari za John Marston mwaka 1911, aliposhurutishwa na maofisa wa serikali kuwasaka wenzake wa genge la zamani: Bill Williamson, Javier Escuella na kiongozi wao Dutch van der Linde. Mchezo wa pili ulitoka Oktoba 2018, lakini hadithi yake ni ya mwaka 1899, genge likiwa bado zima na mhusika mkuu akiwa Arthur Morgan. Umezaliwa baadaye, unasimulia ya awali. Hata hiyo tarakimu ya 2 haitusaidii sana, kwani kabla ya yote hayo kulikuwa na Red Dead Revolver wa mwaka 2004. Kwa hesabu ya mfululizo mzima, huu ni wa tatu. Mwendelezo unaorudi nyuma miaka 12 ni kauli inayojipinga yenyewe, na mhakiki aliyeanza na kauli inayojipinga hawezi kutoa hukumu iliyonyooka.

Neno ninalolitetea ni mwandamo. Nililipendekeza zamani kwa wajumbe wa kamati ya istilahi, nikaeleza sababu zake kwa kirefu, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba watu watadhani ni habari za maandamano ya barabarani. Jibu hilo limenikera mpaka leo, kwa kuwa limetolewa na watu wenye dhamana ya kuijua lugha hii kuliko sisi wengine.

Andama ni kitenzi kikongwe cha pwani. Maana yake ni kufuata, lakini hakifuati kama fuata inavyofuata. Fuata yaweza kuwa mara moja tu: nifuate dukani, basi. Andama ina kushikamana ndani yake, ina nyayo juu ya nyayo. Kutokana nayo tumepata andamana, yaani kwenda pamoja, na kutokana na andamana tukapata hayo maandamano yaliyowatisha wajumbe. Tumepata pia mwandamizi, neno ambalo ofisi zote za serikali na vyuo vyote vinalitumia kila siku bila mtu kushtuka: afisa mwandamizi, mhadhiri mwandamizi. Kama mwandamizi hakumpeleka mtu barabarani na bango mkononi, mwandamo nao hautampeleka.

Lakini matumizi yaliyo makubwa kuliko yote ni ya mwezi. Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, na kwa Waislamu wa bara pia, mwezi hauzaliwi, huandama. Usiku wa kuamkia Ramadhani watu hawaulizani kama mwezi umetokea; huulizana kama umeandama. Mwezi mwandamo ndio huo mwembamba unaoonekana magharibi mara baada ya jua kuchwa. Tazameni Waswahili walivyofikiri hapa. Mwezi huu ni ule ule wa jana, kila mtu anajua. Hata hivyo hesabu inaanza upya: mwezi mosi, mwezi pili, mwezi tatu. Kitu ni kile kile na kitu ni kipya, na kitenzi kimoja kimebeba yote mawili. Wazee wakaenda mbali zaidi katika kalenda yao. Baada ya Ramadhani hawakuipa miezi majina ya kujitegemea; waliihesabu kutoka kwenye mfungo wenyewe, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Tisa. Ndiyo maana Maulidi ya Mtume husomwa Mfungo Sita. Mwezi ukaitwa kwa umbali wake kutoka kwa ule uliotangulia kwa heshima. Je, watengenezaji wa michezo wanapobandika 2, 3 na 4 baada ya jina la mchezo uliopendwa, wanafanya nini tofauti na hayo?

Sasa linganisheni na mwendelezo. Endelea ni kwenda bila kukatika. Endeleza ni kukifanya kitu kiende hivyo. Vilevile kuendeleza neno ni kulitaja herufi kwa herufi, na mwendelezo wa neno ni namna linavyoandikwa, kwa hiyo istilahi hii imeshaajiriwa kwingine katika fani ya lugha yenyewe. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mwendelezo unadai uzi usiokatika, na mchezo wa video wa pili mara nyingi ni uzi uliokatwa kwa makusudi. Katika Final Fantasy, mchezo wa saba na wa nane haishirikiani mhusika hata mmoja wala nchi moja katika hadithi. Uliofuata kweli hadithi ya mtangulizi wake ni Final Fantasy X-2 wa mwaka 2003, uliorudi kwa Yuna wa Final Fantasy X, na huo haukupewa nambari mpya kabisa. Fasihi yetu inaijua tofauti hii tangu zamani. Riwaya za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, ni mfululizo: kila moja ina fumbo lake na yaweza kusomwa peke yake. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi ni jambo jingine, kwa kuwa ya pili inaandama ya kwanza na inaisumbua.

Wako wanaosema, kwa upole kuliko kamati, kwamba andama ina ubaya: balaa humwandama mtu, deni humwandama mtu. Nakubali kwamba maana hiyo ipo, na naiona kuwa faida. Mchezo wa pili huandamwa na wa kwanza. Hakuna atakayeushika bila kuukumbuka ule mwingine, na hakuna atakayeupima bila kipimo kile. Neno linalobeba mzigo huo waziwazi ni aminifu kuliko linalouficha.

Na hapa ndipo istilahi inapogeuka kuwa suala la uhakiki. Red Dead Redemption 2 ukiitwa mwendelezo, swali linalobaki ni moja tu: umeendeleza vizuri? Ukiitwa mwandamo, unaulizwa mara mbili: unahusianaje na uliotangulia, na hesabu yake yenyewe ikoje? Kwa swali la kwanza, nguvu yake kubwa ni Dutch. Mwaka 2010 tulimkuta mzee aliyekwisha kuharibika, amejichimbia milimani. Mwaka 2018 tunamwona akiwa na ulimi mtamu, akiwaita wafuasi wake wanawe, na ahadi zake zikioza moja baada ya nyingine. Aliyecheza wa kwanza anajua mwisho, na kujua huko ndiko kunakouma. Udhaifu wake upo palepale: John Marston wa mwaka 2010 halitaji jina la Arthur hata mara moja, kwa kuwa Arthur alikuwa hajabuniwa. Mchezo wa pili umempa John ndugu mkubwa ambaye mchezo wa kwanza haumlilii. Hilo ni deni halisi la mwandamo, na mhakiki wangu hakuliona kwa sababu alikuwa akitafuta mwaka 1912.

Kwa swali la pili, mchezo huu unasimama kwa miguu yake. Farasi huizoea sauti ya mpanda wake, mzoga ulioachwa njiani huoza, ndevu za Arthur hukua, na kifua kikuu kinapomwingia, mwendo wote wa mchezo unakuwa mzito pamoja naye. Wapo wanaolalamikia uzito huo. Mimi naupenda, kwa sababu unamtayarisha mchezaji kwa kifo bila hotuba. Nisichoweza kukitetea ni muundo wa kazi anazopewa mchezaji. Nchi iko wazi pande zote, unaenda utakako. Lakini kazi ikianza, ukiiacha kidogo njia uliyochorewa, unaambiwa umeshindwa na unarudishwa nyuma. Nchi huru na kazi za kamba shingoni haziwezi kukaa katika mchezo mmoja kwa amani. Kasoro hiyo haihusiani hata kidogo na kuendeleza au kutoendeleza hadithi.

Hata panapokuwa na mwendelezo wa kweli, neno hilo linasifu mahali pasipostahili. The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom wa mwaka 2023 umeirudia nchi ya Hyrule ya Breath of the Wild wa mwaka 2017, ukaongeza visiwa vya angani na giza la chini ya ardhi. Hadithi inaendelea, naam, lakini huko ndiko unakoyumba: mitambo ya kale ya Washeikah, iliyokuwa uti wa mgongo wa mchezo wa kwanza, karibu yote imetoweka na maelezo yake hayatoshi. Uzuri wake uko kwenye uwezo mpya wa mhusika mkuu, Link, wa kuokota vitu na kuviunganisha, mbao kwa magurudumu, magurudumu kwa feni, mpaka mchezaji anajijengea chombo cha kurukia. Huo si mwendelezo wa chochote. Ni mwezi mosi.

Matumizi kwa ufupi: mwandamo, wingi miandamo, "Portal 2 ni mwandamo wa Portal". Mchezo unaosimulia yaliyotangulia uitwe kitangulizi, na hakuna ubishi mchezo mmoja ukiwa mwandamo kwa kuzaliwa na kitangulizi kwa hadithi. Safu nzima ni mfululizo. Michezo ya mpira inayotoka kila mwaka, FIFA mpaka FIFA 23 na EA Sports FC baada yake, ni matoleo, na vijana wa vibanda vya gemu wanaosema "FIFA ya mwaka huu" walilitambua hilo bila rasimu ya mtu. Hao hao husema "pati tu", yaani part two ya Kiingereza, kwa mchezo wa pili, nami nalipendelea hilo kuliko mwendelezo, kwa sababu angalau halimdanganyi mtu.

Kwa wahariri nina ombi moja. Grand Theft Auto V wa mwaka 2013 ulikuwa wa Michael, Trevor na Franklin katika jiji la Los Santos. Grand Theft Auto VI ni wa Lucia na Jason katika jimbo la Leonida. Tahakiki zake zitakapofika mezani kwenu na neno "mwendelezo" kwenye kichwa cha habari, lifuteni kabla hamjasoma sentensi ya pili.